Ambulensi ya Bonde la Stallard

Jumamosi ya rampi, Oleta Stiltner alifika jikoni mwa banda la zimamoto kabla ya wenzake, akafunga aproni, akaanza kuosha. Rampi ni vitunguu vya porini, vyenye majani mapana na mizizi iliyoshika tope jeusi la mlimani, na usipoviosha maji baada ya maji vitakusagia mchanga menoni. Unavikaanga kwa mafuta ya nguruwe pamoja na viazi, unavila leo, na keshokutwa mwenye duka bado anakupa chenji yako huku amegeuza uso.

Kila Aprili bonde zima hushuka kuja kula hapo, kwa sahani ya rampi, maharagwe na mkate wa mahindi, na pesa zinazopatikana hununua mipira ya maji na matairi ya ambulensi. Na kwa kuwa jimbo lao la West Virginia hupiga kura ya mchujo Mei, wagombea nao huja. Hakuna aliyewahi kushinda kaunti ile bila kunuka rampi.

Wanawake walipoanza kuingia, walimsalimia Oleta kwa sauti za chini, kama watu waingiao chumba cha mgonjwa. Mwanawe Corey alikuwa amezikwa Februari. Gazeti lilisema amefariki ghafla, nyumbani, kwa ugonjwa wa moyo. Harless, mumewe Oleta, ndiye aliyeyatunga maneno hayo, akampigia simu mwandishi na kumsomea mara mbili ili asikosee. Kila mwanamke jikoni mle alijua kwamba haukuwa moyo. Bondeni ambulensi haipiti bila mapazia kufunguliwa. Lakini uongo ule walimsaidia kuubeba, kama unavyomshikia mlango mtu mwenye mizigo mikononi.

"Oleta, viazi niachie mimi," alisema Icie Vance, shoga yake tangu wakiwa shule. "We kaa."

"Nikae nifanye nini? Nimekaa tangu Februari mpaka makalio yamekufa ganzi."

Icie akacheka, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja chenye maganda.

"Cheka tu, mwenzangu," Oleta alisema. "Bado hawajatoza kodi kicheko."

Kodi ilitajwa sana siku ile. Ukutani palibandikwa tangazo: mwezi ujao, pamoja na kuchagua watu, kaunti ingeulizwa kama inakubali kodi ya ambulensi iendelee. Ilitakiwa watu sita katika kila kumi wakubali. Wakikosekana, ambulensi ya bonde ingeondolewa, na mwenye kuzidiwa angesubiri gari litoke mjini Corley, upande wa pili wa mlima.

Saa sita ukumbi ulikuwa umejaa. Ndipo Gaylon Prater, muuza magari aliyetaka kuwa kamishna wa kaunti, alipopita nyuma ya meza na kuingia jikoni ili awape wapishi mkono. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kukumbuka majina ya watu na ya mbwa wao.

"Mama zangu! Nimeifuata harufu tangu barabara kuu."

"Na sisi tumeisikia ya kwako kabla hujafungua mlango," alisema Icie. "Marashi mengi hivyo, unamficha nani?"

Jikoni kukachangamka. Gaylon akacheka kuliko wote, akamshika Oleta mkono, ukiwa na maji na mafuta yake. "Mama Oleta, pole tena na Corey. Moyo ni kitu cha ajabu. Kijana mbichi vile."

"Asante," alisema Oleta.

"Bwana Gaylon," Icie aliingilia upesi, "hii kodi ya ambulensi unaiunga mkono au huiungi?"

Gaylon akatazama mlangoni, akashusha sauti kama mtu aliye kwao. "Nitawaambia ukweli. Ile ambulensi imegeuka teksi ya mateja. Nasikia kuna kijana huku huku kwenu, wamemkuta sakafuni keshakufa nusu, wakampulizia ile dawa puani, akafufuka. Mnajua alifanya nini? Akasimama akawatukana kwa kumharibia starehe yake! Na hao ndio tunaowalipia. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote achangie mpaka lini?"

Mafuta yalikuwa yakirukaruka kwenye sufuria. Mwanamke mmoja akaanza kumenya kiazi kilichokwisha menywa. Icie alimtazama Oleta, akatikisa kichwa kidogo sana, yaani achana naye, mwenzangu, atatoka.

Oleta aliuweka mwiko chini.

"Hakutukana," alisema.

"Unasemaje, mama?"

"Huyo kijana. Hakumtukana mtu. Aliomba viatu vyake." Sauti yake haikupanda. "Alikuwa na soksi moja tu. Yeye na Misty wa ambulensi walisoma darasa moja. Alipofumbua macho akamwona Misty, akaona haya. Akasema, Misty, nipe viatu vyangu, nisikae miguu wazi mbele yako. Nilikuwapo. Nilivitafuta mimi, kimoja kilikuwa chini ya kochi."

Gaylon akatazama tena mlangoni.

"Moyo wa Corey haukuwa na kitu, Gaylon. Ni madawa, fentanili. Na nikuambie hiyo teksi ilinifanyia nini. Siku ile ya viatu ilinirudishia mwanangu, nikakaa naye mwaka na zaidi. Alinijengea ngazi za barazani. Alikula kwangu Krismasi, akalalamika kwamba mkate umekauka. Akawa mzima, akaanguka, akawa mzima tena. Februari alipoanguka ambulensi yetu ilikuwa imempeleka mama mjamzito, ikabidi tungoje ya Corley. Basi mimi najua kuingoja ya Corley kulivyo. Nimeingoja nimepiga magoti."

Watu wawili watatu waliokuwa wamekuja kuongezewa maharagwe walisimama mlangoni na sahani zao. Gaylon alisema samahani, akasema hakujua, akasema samahani tena, akatoka kinyumenyume. Oleta akauchukua mwiko wake. Rampi zilikuwa zimeanza kuungua upande mmoja.

"Nani anataka za kuungua?" aliuliza, akaanza kupakua.

 

Habari ilifika nyumbani kabla ya pikapu ya Oleta. Harless alikuwa ameketi katika kiti chake cha chumba cha nyuma, mrija wa oksijeni puani, mashine yake ikinguruma pembeni. Mapafu yake yalijaa vumbi la makaa ya mawe tangu zamani, na sentensi ndefu ilimchosha kama ngazi.

"Hobert kapiga simu," alisema, yaani mume wa Icie.

"Nilidhani atapiga."

"Nilikuomba kitu kimoja, Oleta. Kimoja tu katika ndoa nzima."

"Uliniomba vingi, Harless. Uliniomba nisikate zile ndevu zako siku ya harusi ya dada yako."

Hakucheka. "Watu wataliona kaburi lile na watasema teja. Hawatasema alikuwa fundi. Hawatasema alikuwa na sauti nzuri kanisani. Neno moja tu." Akangoja pumzi. "Nilimwekea moyo ili wamwache."

Oleta aliketi ukingoni mwa kitanda. Alinuka rampi na moshi, alijua. "Na mimi nilitaka hivyo hivyo. Lakini yule bwana alikuwa akimsema mwanangu mbele yangu, na mimi nakorogea viazi vyake. Ningemezaje?"

"Kwa ajili ya kodi!"

"Kwa ajili ya ambulensi. We mwenyewe na mapafu hayo, ukizidiwa nikubebe mgongoni?"

"Niache nife. Sitawapa tena mkono wangu hao wagombea. Nimewapigia kura tangu nina miaka ishirini na moja. Nimewabebea watu kwenye gari langu, mvua na theluji, wakapige kura. Nani kati yao alikuja mazikoni? Maua! Gaylon alituma maua yana riboni ya jina la duka lake." Akakohoa kwa muda mrefu. "Mwezi ujao ukienda, nenda peke yako."

Alikuwa akisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma Oleta. Nyumba ile iliwahi kuwa kama kituo kidogo cha uchaguzi. Harless alijua bondeni nani hana gari, nani mguu mbaya, nani ampitie kabla ya saa ya dawa. Tangu Februari makaratasi ya wagombea yalipitia mlangoni na kuishia kwenye jiko la kuni bila kusomwa. Yeye Oleta alikuwa kinyume chake. Zamani alipiga kura kama mumewe alivyomwambia, akasahau ifikapo chakula cha mchana. Siku hizi alisoma kila kitu, hata maandishi madogo ya chini. Walikuwa wamefiwa na mtoto mmoja, kila mmoja akatokea mlango wake.

 

Jumatano mchana Icie alikuja na bakuli lililofunikwa kwa karatasi ya fedha. Kuku na mchele. Chakula cha msiba kilikuwa kimechelewa miezi, na wote wawili walilijua hilo.

"Sikuleta siku ile," alisema Icie akiwa bado amesimama. "Yaani nilileta keki. Lakini keki si chakula cha msiba."

"Keki ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa ya kununua, Oleta. Niliitoa kwenye boksi lake nikaipaka sukari juu."

"Nilijua. Kaa basi."

Oleta aliweka kahawa. Chumba cha nyuma mashine ilikuwa ikinguruma kama kawaida, Harless mlango ameurudisha, hasemi na mtu. Icie alizungusha kikombe, akakizungusha tena.

"Si ulimjua Tyler wangu," alisema.

Ni nani asiyemjua? Mjukuu wake Icie na Hobert, waliyemlea wenyewe. Miaka mitatu nyuma gari lake liliacha njia karibu na daraja, likaingia korongoni. Kulungu alikatiza barabarani, watu waliambiwa hivyo.

"Hapakuwa na kulungu," alisema Icie.

Oleta aliweka kikombe chake chini.

"Daktari alisema alikufa kabla gari halijaacha njia. Alikuwa na kitu mkononi bado. Hobert aliwahi kufika kabla ya askari, akakitoa, akakitupa mtoni. Halafu akaniambia, Icie, ni kulungu. Nami nikasema ndiyo, ni kulungu. Mpaka leo hatujawahi kulisema jambo lenyewe hata sisi wawili kitandani. Tumemlaumu kulungu, jamani, mpaka Hobert akanunua bunduki mpya." Alicheka na kulia kwa pamoja, makamasi yakamtoka, akatafuta kitambaa kwenye mkono wa sweta. "Juzi uliposema kile kisa cha viatu, nilienda nyuma ya banda nikakaa juu ya ndoo. Nikasema, kumbe mtu anaweza kulisema na paa lisianguke."

Oleta alimshika mkono juu ya meza. Hapo ndipo alipogundua kwamba nyumba ilikuwa kimya mno. Mashine haikuwa ikinguruma.

"Harless!"

Alirusha kiti, akausukuma mlango. Mumewe alikuwa ameketi wima, midomo imeanza kuwa ya samawati, mkono juu ya swichi ya mashine.

"Umeizima? Una wazimu?"

"Inapiga kelele," alisema Harless kwa pumzi ya mwisho mwisho. "Nilikuwa nasikiliza."

Oleta aliiwasha, akamrekebishia mrija, akamsimamia mpaka rangi ikarudi. Icie alikuwa mlangoni, amekishika kitambaa chake. Harless alimgeukia.

"Miaka mitatu," alisema, "nimewachukia kulungu wa watu bure."

"Na mimi," alisema Icie.

"Hobert alilia kwangu pale kwenye karakana. Nikamwambia nitamsaidia kumwinda yule kulungu. Nilimwambia hivyo." Akatikisa kichwa. "Akasema asante."

 

Baada ya Icie wakaja wengine. Hakuna aliyewaita. Mmoja alileta mayai, mwingine alisema anarudisha sufuria ambayo Oleta hakukumbuka kumwazima. Walikunywa kahawa, wakazungumza hali ya hewa, na kikombe kilipokaribia kwisha walisema. Binti aliyeandikwa gazetini kwamba ni nimonia. Mume aliyeandikwa kwamba amefia usingizini. Oleta hakuwa na maneno makubwa ya kuwapa. Aliwauliza jambo moja tu, mwisho, akiwa mlangoni nao: una mtu wa kukupeleka kupiga kura? Wengi walikuwa hawajapiga tangu msiba wao. Mmoja alisema aliona haya kusimama foleni na watu wakimtazama.

"Utasimama na mimi," alisema Oleta. "Wakitazama, watutazame wote."

Mlango wa chumba cha nyuma sasa uliachwa wazi. Jioni moja Harless alimuuliza mkewe, macho kwenye televisheni, kama yule mjane anayeishi juu kabisa ya bonde bado hana gari.

"Hana."

"Mguu wake wa kushoto mbaya. Apande mbele."

"Nitampandisha mbele."

"Na umpitie kabla ya mchana. Baada ya mchana analala, hata nyumba ikiwaka."

"Si useme unakuja, Harless?"

"Siji. Nakwambia kuhusu mguu."

 

Siku ya kura ilinyesha. Kituo kilikuwa hapo hapo banda la zimamoto, na ingawa milango ilikuwa imeachwa wazi wiki kadhaa, harufu ya rampi ilikuwa bado imeshika kuta. Oleta alipanda na kushuka bonde asubuhi nzima kwa pikapu. Mjane alipanda mbele. Oleta alipiga kura yake mwenyewe saa ambayo foleni ilikuwa fupi, akaweka alama yake ya ndiyo taratibu, akaitazama kama imekaa sawa.

Gaylon Prater alikuwa nje chini ya mwavuli, mbali na mlango kama sheria inavyotaka, akigawa kadi zake. Alimwinamia Oleta kichwa na hakumpa kadi.

Alasiri, Oleta akiwa anamshusha mtu wa mwisho, aliliona gari la Hobert Vance likiingia. Hobert alizunguka, akafungua mlango wa pili, akatoa kwanza mtungi mdogo wa oksijeni, halafu akamtoa Harless, mguu mmoja baada ya mwingine. Harless alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Usinisaidie," alimwambia mkewe kabla hajafika. "Nimekuja na Hobert."

Gaylon alijongea na mwavuli. "Mzee Harless! Na mvua hii! Naamini kura yako bado ni yangu."

"Gaylon, nina pumzi za kufika pale mezani na kurudi. Usinimalizie."

Alivuka ukumbi akisimama kila baada ya meza. Wanawake waliokuwa wameketi ukutani wakisubiri kurudishwa nyumbani, wale wale waliomletea Oleta kuku na mchele na mayai, walimtazama akipita, na mmoja akasogeza kiti bila kuambiwa. Alikaa kwenye kibanda cha kura muda mrefu mpaka msimamizi akakohoa. Alipotoka uso ulikuwa umelowa jasho.

"Ulikuwa unaandika barua?" Oleta alimuuliza walipofika kwenye pikapu, maana kurudi alikubali kurudi naye.

"Nimejibu ile ya ambulensi. Basi."

"Na wengine?"

"Wengine nimewaacha watupu. Wote. Nilitaka kuhakikisha mkono haujateleza."

"Hata jaji?"

"Hata jaji."

"Hata binamu yako anayegombea bodi ya shule?"

"Yeye ndiye niliyeanza kumwacha."

Oleta alicheka mpaka ikabidi asubiri kabla ya kuwasha gari. Harless alitazama dirishani, na kona ya mdomo wake ikasogea.

 

Kodi ilipita, kwa kura chache tu. Wakahesabu, wakarudia, ikabaki imepita. Gaylon Prater naye alishinda, na kwenye gazeti alisema siku zote alikuwa rafiki wa ambulensi.

Jumapili moja baada ya kanisa, Oleta na Harless walikuwa wameketi barazani, sahani za chakula magotini. Mvua ilikuwa imekatika na barabara inameta. Wakaisikia kabla ya kuiona. Ambulensi ya bonde ilikuja kutoka juu, taa zinazunguka, Misty kwenye usukani, ikielekea hospitali. Nyuma yake lilifuata gari dogo la mwanamke mmoja, ameinamia usukani kama anausukuma kwa kifua.

Bondeni, gari la maiti likipita, wanaume huvua kofia hata wakiwa peke yao shambani. Harless aliweka sahani chini, akavua yake, akaishika kifuani, macho yanafuata zile taa.

Oleta alikisikia king'ora kikiteremka kona ya kwanza, kisha ya pili, haraka, bila kusimama.

"Vaa kofia, Harless," alisema. "Huyo bado yu hai."

Akaivaa.